Mickiewicz ni wa nani? Wapolandi, Walituania na fasihi waliyoitunga pamoja

Shuleni nchini Polandi wanafunzi husoma Pan Tadeusz, utenzi uliochapishwa Paris mwaka 1834 na ambao Wapolandi huuita utenzi wa taifa lao. Lakini nchi ambayo mshairi anaiita kwa jina tangu mwanzo, akiililia kama nchi yake aliyoipoteza, si Polandi. Ni Lituania. Mtunzi wake, Adam Mickiewicz, alizaliwa mwaka 1798 katika eneo ambalo leo liko Belarus. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Vilnius, akafundisha shule mjini Kaunas, akakamatwa na Warusi mwaka 1823 na mwaka uliofuata akapelekwa uhamishoni. Hakurudi tena. Walituania humwita Adomas Mickevičius na kumhesabu kuwa wao, ingawa tenzi zake zote aliziandika kwa Kipolandi.

Sisi tunaosoma fasihi tumezoea kuwapanga waandishi kwa lugha au kwa nchi, kana kwamba vipimo hivyo viwili hutoa jibu moja. Hapa havitoi.

Historia yenyewe ilianza kwa ndoa. Jogaila, mtawala mkuu wa Lituania aliyekuwa bado mpagani, alikubali mwaka 1385 kubatizwa ili amwoe Jadwiga, aliyekuwa amekwisha kuvikwa taji la Polandi. Walioana mwaka uliofuata. Mwaka 1569, mjini Lublin, nchi hizo mbili ziliungana kuwa dola moja lenye mfalme mmoja na bunge moja, nalo likadumu hadi 1795, Urusi, Prussia na Austria zilipomaliza kugawana mabaki yake.

Katika dola hilo Kilituania hakikupigwa marufuku. Kiliachwa tu. Hata kabla ya muungano, maandishi ya serikali ya Lituania hayakuwa kwa Kilituania bali kwa lugha ya Kislavi ya mashariki, na mwaka 1697 lugha hiyo nayo ilikipisha Kipolandi. Makabaila walihamia Kipolandi kizazi baada ya kizazi. Wakulima wakabaki na Kilituania. Kabaila aliweza kusema kwa Kipolandi kwamba yeye ni Mlituania, wala hakuona ajabu yoyote: alikuwa akitaja nchi yake na sheria zake, si lugha ya watu waliomlimia.

Ndiyo maana kitabu kinachonivutia kuliko vyote katika habari hii ni kile cha Mikalojus Daukša, padri aliyechapisha huko Vilnius mwaka 1599 mkusanyo mkubwa wa mahubiri. Mahubiri yenyewe ameyatafsiri kwa Kilituania kutoka kwa Mjesuiti wa Kipolandi, Jakub Wujek. Kisha anamwandikia msomaji dibaji ya kutetea Kilituania, akisema kwamba mataifa hayadumu kwa rutuba ya udongo wala kwa nguvu za miji yao, bali kwa kuitunza na kuitumia lugha yao. Dibaji hiyo ameiandika kwa Kipolandi. Wako wanaoicheka. Mimi naona hapo mtu aliyewajua wasomaji wake: waliohitaji kuambiwa hayo walikuwa wale waliokwisha kuihama lugha, na wakulima hawakuwa na haja ya kushawishiwa waseme Kilituania.

Karne ya 19 ilirudia jambo hilo kwa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Vilnius kilifungwa na Warusi mwaka 1832, baada ya uasi. Uasi mwingine ulipovunjwa, uchapishaji wa Kilituania kwa herufi za Kilatini ulikatazwa kuanzia 1864 hadi 1904, na vitabu vikawa vinachapishwa Prussia na kuvushwa mpakani kwa magendo. Wakati huo waandishi wa Kilituania walikuwa wakijifunza ufundi wao kwa kumsoma Mickiewicz. Antanas Baranauskas alianza kwa mashairi ya Kipolandi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa seminarini Varniai alisikia ikisifiwa misitu ya Pan Tadeusz, akataka kuonyesha kwamba Kilituania nacho kinaweza. Ndipo akatunga, kati ya 1858 na 1859, shairi lake refu juu ya msitu wa Anykščiai. Vincas Kudirka, daktari aliyetunga wimbo wa taifa wa Lituania mwaka 1898, alikiri mwenyewe kwamba ujanani aliona aibu kusema Kilituania na akajifanya Mpolandi. Wengi husikia katika mwanzo wa wimbo wake mwangwi wa mwanzo wa Pan Tadeusz.

Ilipofika siku ya kuchagua, mpaka ulipita katikati ya nyumba. Stanisław Narutowicz alitia saini tangazo la uhuru wa Lituania la tarehe 16 Februari 1918. Ndugu yake Gabriel akawa rais wa kwanza wa Polandi, akauawa Desemba 1922, siku chache baada ya kuapishwa. Vilnius yenyewe ilitekwa na jeshi la Jenerali Żeligowski mwaka 1920, na hadi 1938 nchi hizo hazikuwa na uhusiano wa kibalozi.

Katika ukoo wa Miłosz pia majibu yalitofautiana. Oscar Milosz, ambaye wenzetu wa idara ya Kifaransa wanaweza kumsoma bila tafsiri, aliandika mashairi yake kwa Kifaransa, akachagua uraia wa Lituania na kuiwakilisha Paris. Jamaa yake Czesław, aliyezaliwa mwaka 1911 kijijini Šeteniai, katikati ya Lituania, aliandika kwa Kipolandi maisha yake yote, hata riwaya yake juu ya utoto wa bonde la Lituania, na mwaka 1980 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sanamu ya Mickiewicz ilisimamishwa Vilnius mwaka 1984, wakati Lituania ikiwa chini ya Muungano wa Sovieti. Tarehe 23 Agosti 1987, Walituania walipothubutu kukusanyika hadharani kuulaani mkataba wa siri kati ya Hitler na Stalin ulioiponza nchi yao, walikutana chini ya sanamu hiyo.