Mzembe au amebanwa? Tabia ya mkulima na hesabu ya gunia

KATIKA vijiji vinavyoizunguka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, watu hupewa majina haraka. Anayeuza mahindi yote mwezi Juni huitwa asiye na subira. Anayeyaweka stoo hadi Januari ni mwerevu. Mkimbizi aliyefika mikono mitupu akafungua genge baada ya miezi michache, inasemwa Wakongo wana biashara kwenye damu.

Majina hayo yana gharama. Kwenye Vicoba wengi hawana hati ya shamba wala dhamana nyingine, hivyo mkopo hutolewa kwa kuangalia tabia. Ukishaitwa mzembe, ombi lako linawekwa kando. Kwa hiyo suala hili si la wanasaikolojia peke yao, ni suala la mtaji.

Wanasaikolojia hugawa tabia ya mtu katika mafungu makubwa matano: kupenda mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wenzake, na wepesi wa kupata wasiwasi. Tafiti za nchi tajiri zinaonyesha kuwa wenye bidii na utaratibu, kwa wastani, hufanya vizuri zaidi kazini. Hilo silibishi. Ninachobisha ni kipimo kinapoletwa kwetu kama kilivyo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa majibu ya karibu watu 95,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Waligundua kuwa maswali hayo, yakiulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayapimi kile yalichokusudiwa kupima. Sababu mojawapo ni watu kukubali kila wanachoulizwa. Nani hajawahi kumjibu "ndiyo" mgeni mwenye karatasi ili amalize aende zake?

Turudi kwenye mahindi. Tuseme gunia ni Sh40,000 Juni na Sh70,000 Januari. Mwenye magunia 10 akisubiri anapata Sh300,000 zaidi. Huyo tunayemwita mzembe anaijua hesabu hii vizuri. Ila Juni ana deni la pembejeo na mgonjwa nyumbani, na stoo yake ina dumuzi, yule mdudu wa Scania aliyeonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mahindi yaliyotobolewa hayana bei Januari.

Tuseme tena deni lake ni Sh150,000. Akiuza magunia manne anapata Sh160,000 na deni linaisha. Sita yaliyobaki akiyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, tuseme Sh5,000 kila mmoja, Januari anapata nyongeza ya Sh150,000 baada ya kutoa gharama ya mifuko. Hakuna tabia iliyobadilika hapo. Kilichotakiwa ni Sh30,000 za mifuko kupatikana wakati wa mavuno.

Jambo kama hili lilipimwa Busia, magharibi mwa Kenya, na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson. Wakulima wengi walikuwa wakisema watanunua mbolea, msimu ukifika hawana fedha. Ungeweza kusema ni wavivu. Watafiti wakawafuata mara tu baada ya mavuno, wakawauzia mbolea kwa bei ya kawaida ila kuwafikishia ni bure. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha matumizi kupanda kwa kiwango kinachokaribia kile cha kupunguza bei kwa nusu baadaye katika msimu.

Na hata tabia yenyewe hufundishika kwa kiasi. Nchini Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa vitabu vya hesabu na masoko, jingine lilifundishwa kujituma: kutafuta fursa kabla ya wenzako na kutokata tamaa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha faida ya kundi la kujituma ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na kundi ambalo halikufundishwa kitu. Mafunzo ya kawaida hayakufika hapo.

Hata hivyo, kujituma kunahitaji mahali pa kujitumia. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Soko la pamoja liliwakutanisha wakimbizi na wanavijiji waliopeleka ndizi, maharage na muhogo. Miaka ya 2018 na 2019 Serikali ilipofunga masoko ya pamoja kambini, wachuuzi waliosifiwa kwa ujasiri walikuwa ni wale wale, na damu yao ni ile ile. Soko ndilo halikuwepo.

Kwa viongozi wa Vicoba ningeshauri daftari lichukue nafasi ya sifa za mtaani: mwanachama alikopa lini, alilipa lini, alichelewa mwaka gani na kulikuwa na nini nyumbani. Fedha za mifuko na mbolea zikatwe kwenye kikao cha Juni, kila mtu akiwa ametoka kuuza. Kikao cha Oktoba hukuta mifuko ya suruali imeshakauka, ya mwerevu na ya mzembe pia.