Arusi Moja, Mabaraza Matatu

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, zamani arusi za pwani yetu zilikuwa na mabaraza mawili: la wanaume msikitini, ambako akdi hufungwa, na la akina mama nyumbani kwa bibi arusi. Siku hizi limeongezeka la tatu, nalo ni la jamaa walioko Muscat, Dubai, Jeddah au London, ambao huhudhuria kwa simu. Baraza hili ni neema, kwani limeunga udugu uliotenganishwa na bahari. Lakini lisipotayarishwa vyema, neema hiyo hugeuka fadhaa.

Miaka michache iliyopita tulihudhuria nikaha moja katika Mji wa Kale, Mombasa. Baba wa bibi arusi alikuwa kazini ng'ambo, na ikakubaliwa kwamba yeye mwenyewe atamwoza bintiye kwa simu. Msikiti ukajaa, ubani ukafukizwa, khutba ikasomwa. Baba alipofika kwenye tamko la kuoza, sauti ikakatika. Iliporudi, bwana arusi alikuwa amekwisha kuitika. Shahidi mmoja akasema amesikia, wa pili akasema hakusikia. Nyumbani nako, akina mama walikuwa wakisikia mwangwi tu, na vigelegele vikapigwa kabla ya wakati wake. Hata akaja mtoto mbio, akasimama mlangoni pa msikiti: "Maalim, bibi auliza, dada ameolewa au hajaolewa?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Ilibidi baba atafutwe tena, amfanye nduguye kuwa wakili wake, na akdi ifungwe upya baada ya swala ya Isha.

Jambo hili wanazuoni wamelitazama zamani. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita huko Jeddah, Machi 1990, ilijuzisha mikataba kufungwa kwa vyombo vya mawasiliano, lakini ikaitoa ndoa katika hukumu hiyo kwa sababu ya sharti la mashahidi. Njia iliyo salama ni uwakala. Walii aliye mbali amteue wakili kabla ya siku yenyewe, mbele ya watu wanaoijua sauti yake, na wakili huyo awe ndani ya majlisi. Akdi ikikamilika mbele ya waliopo, simu hata ikikatika, kitakachokatika ni furaha ya kusikia, si ndoa. Mwenye shaka na amwendee Kadhi mapema.

Likishatengezwa hilo, na tuyatazame mabaraza yetu.

La kwanza, pahali pa akdi, halina mengi. Walii au wakili, bwana arusi na mashahidi wawili wakae karibu karibu, wasikilizane bila ya spika. Imamu wa msikiti aombwe ruhusa kabla ya kuingizwa nyaya na vyombo.

La pili, la akina mama, ndilo tunalolipuuza sana. Wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) walimlalamikia kwamba wanaume wamewashinda kumpata, naye akawawekea siku yao ya mafunzo. Vipi basi sisi tuwaweke nyuma ya pazia wasikosikia lolote? Anayechagua nyumba au ukumbi na aende akaketi upande wa akina mama, saa ile ile ambayo shughuli itafanyika. Ataona jua la alasiri linapiga wapi. Atahesabu ngazi ambazo bibi mwenye maumivu ya magoti atazipanda. Atauliza choo kiko wapi, maji ya udhu yapo, na Magharibi ikiingia wataswali wapi. Nyumba zetu za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Zina baridi nzuri, lakini mawimbi ya simu huzipenya kwa shida. Kwa hivyo simu ya kupokea sauti iwekwe dirishani, iunganishwe na spika yao wenyewe, na msimamizi wake awe mwanamke, ili asiingie kijana wa kiume kila sauti inapopotea. Ikiwa turubai litafungwa njiani, majirani waombwe idhini, na ibakie nafasi ya kupita mgonjwa na gari lake.

La tatu ni la walio mbali. Ateuliwe mtu mmoja asiye na kazi nyingine siku hiyo. Ajaribu mitambo siku moja kabla, saa ile ile. Awe na simu ya pili yenye laini ya kampuni nyingine, zote zimejaa chaji, kwani umeme hauna ahadi. Simu iwekwe karibu na msomaji wa khutba, si mbele ya spika, na walio mbali wafunge sauti zao, la sivyo mwangwi utawarudia wote. Saa nazo zitajwe wazi: saa kumi jioni ya Mombasa ni saa kumi na moja ya Muscat.

Na kamera je? Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na tuwatolee salamu wenyewe. Kamera inayogeuzwa upande wa akina mama huwaingiza watu wasiojulikana idadi, bila ya hodi. Upande huo ipelekwe sauti pekee, na tangazo la kukataza picha lisomwe kabla ya shughuli, si baada ya picha kusambaa.

Twaona jamaa wakitoa fedha nyingi kwa maua na vitambaa vya viti, kisha wakakosa za spika moja ya chumba cha akina mama. Mgeni wetu ni yule wa safu ya mbele, na ni yule bibi aliyeko ghorofani pia. Siku tutakayojua kwamba bibi amesikia "nimekubali" kwa masikio yake, asimtume mtoto kuja kuuliza, ndipo tutakaposema tumetayarisha.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa za vijana wetu na aziunganishe nyoyo za walio karibu na walio mbali. Amin.