Pua kukauka: Maji ya chumvi husaidia, lakini yachemshwe kwanza

Kiangazi kinapokausha hewa ya tambarare za Kasese, magharibi mwa Uganda, si ajabu mkazi wa Kisinga kuamka pua ikimwasha na vigaga vya damu vimeganda ndani. Vumbi na moshi wa kuni huzidisha adha hiyo.

Ute wa pua hunasa vumbi na vijidudu. Ukikauka, utando laini ulio chini yake hupasuka kwa urahisi.

Tiba nyepesi ya nyumbani ni nusu kijiko cha chai cha chumvi safi katika mililita 250 za maji, kisha matone machache katika kila tundu. Chumvi ghafi ya Ziwa Katwe, ingawa iko karibu, haifai. Ina uchafu na madini mengine. Maji nayo yachemke kwa dakika tatu, yapoe. Yasiyochemshwa yanaweza kuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye, ingawa ni kwa nadra, hupenya puani hadi kwenye ubongo na kuua. Ukiyanywa hayaleti ugonjwa huo. Hatari iko puani.

Mafuta ya kujipaka yaishie mlangoni mwa pua. Kumdondoshea mtoto mafuta puani ni kosa kubwa, kwani yakiingia mapafuni huweza kusababisha nimonia.

Damu ikitoka, inamia mbele, usiinue kichwa, na ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Isipokoma baada ya nusu saa, wahi hospitali. Kwa wakazi wa Kisinga, Kagando ndiyo iliyo karibu.