Shamba la Almasi na Mshahara wa Askari

Askari anayekaribia kustaafu hakosi washauri. Huyu humwambia auze shamba la marehemu baba yake anunue gari la abiria. Yule humnong'oneza habari za dhahabu iliyoonekana katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuikanyaga. Tumewaona ndugu zetu kadhaa ambao kiinua mgongo chao, kilichongojewa miaka 20 na zaidi, kiliyeyuka kabla ya masika ya pili. Kwa hiyo twapenda leo kuwasimulia ninyi mlio katika jeshi na polisi hadithi ya zamani iliyohubiriwa sana huko Marekani, pamoja na habari za mtu aliyeihubiri; maana naye alikuwa askari, na twaona maisha yake yana mafunzo kuliko hadithi yenyewe.

Jina lake Russell Conwell. Alizaliwa mwaka 1843 katika nyumba ya wakulima maskini, vilimani mwa jimbo la Massachusetts, na baadaye akawa mchungaji wa Kibaptisti katika mji wa Philadelphia. Hotuba yake, iliyoitwa "Ekari za Almasi", aliitoa zaidi ya mara 6,000 kabla ya kufariki mwaka 1925. Kisa kilichomo ndani yake alisema alikisikia mwaka 1870 kwa Mwarabu mmoja aliyekuwa akiwaongoza wasafiri kando ya mto Tigris.

Alikuwako, asema, Mwajemi aitwaye Ali Hafed, mwenye shamba, bustani na nafaka ya kumtosha. Jioni moja mgeni, mtu wa dini, akamweleza habari za almasi na thamani yake. Usiku ule Ali Hafed hakupata usingizi. Akauza shamba, akawaacha mke na watoto kwa jirani, akazunguka Palestina na Ulaya mpaka fedha zikamwishia, na mwisho akajitosa baharini huko Barcelona akiwa na matambara mwilini. Huku nyuma, yule aliyelinunua shamba alimpeleka ngamia wake kunywa maji kijitoni, akaona jiwe likimeremeta mchangani. Ilikuwa almasi, na kwa masimulizi ya Conwell, ndipo yalipopatikana machimbo ya Golconda. Askari aliyezoea kusoma ramani atacheka hapa, kwa kuwa Golconda iko India ya kusini, mbali sana na Uajemi. Lakini ngano haiulizwi njia iliyopitia.

Maana aliyoikusudia mchungaji yule ni kwamba riziki ambayo Mungu amemwekea mtu aitafute kwanza pale alipo. Shauri hili twaliona jema, na hasa kwa mtu wa kambini. Jeshi na polisi ni shule ambazo raia wengi wangezilipia karo kama wangekubaliwa kuingia: humo mna ufundi wa magari, uuguzi, uashi, simu na redio, uandishi wa kumbukumbu. Kijana aliyekaa miaka kumi karibu na karakana bila kujua kubadilisha plagi, kisha akaota biashara ya mbali, huyo ni ndugu yake Ali Hafed. Ndivyo ilivyo pia katika akiba. Huko Uganda wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, na polisi wana chao, Exodus, jina la kitabu cha Biblia kisimuliacho jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani. Fedha kidogo inayokatwa kila mwezi haina mng'aro wa almasi, lakini haitorokei Barcelona.

Hata hivyo Conwell hakuishia hapo. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba kutafuta mali kwa njia ya haki ni wajibu wa Mkristo, na kwamba maskini wanaostahili kuhurumiwa ni wachache, kwa kuwa walio wengi wameuleta umaskini kwa makosa yao wenyewe. Hapo twaachana naye. Maneno hayo yaliwafaa wenye maduka wa Philadelphia. Mwenye duka akitaka kutajirika hana budi kumpendeza mnunuzi. Mwenye bunduki hana haja ya kumpendeza mtu. Mwambie askari aliye kizuizini usiku kwamba utajiri ni dalili ya kupendwa na Mungu, nawe umempa sababu ya kumkagua mwenye lori kwa mara ya tatu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 3, imeandikwa kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yeye hakuwaagiza waache kazi yao. Aliwakataza kuchukua mali za watu kwa nguvu na kuwazushia mashtaka, akawataka waridhike na ujira wao. Ndugu zetu Waislamu nao wanaijua tofauti kati ya riziki ya halali na ile inayomchoma mlaji. Neno hili la kuridhika ni gumu kwa mtu ambaye karo ya watoto imemzidi mshahara, nasi hatujifanyi kutolijua hilo. Lakini ndilo walilojibiwa askari walipouliza wao wenyewe.

Sasa turudi kwa Conwell mwenyewe. Aliingia vitani mwaka 1862, akawa kapteni. Kumbukumbu za jeshi zaonyesha kwamba mwaka 1864 alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kutokuwako kituoni pake adui aliposhambulia, akafukuzwa. Yeye alipenda kusimulia habari nyingine: kwamba kijana aliyemtumikia, Johnny Ring, alirudi kwenye daraja linalowaka moto ili kuuokoa upanga wa kapteni wake, akafa kwa majeraha. Watafiti wamekitilia shaka kisa hicho. Conwell alisema kwamba tangu siku ile alijiwekea kanuni ya kufanya kazi saa 16 kila siku, 8 kwa ajili yake na 8 kwa ajili ya Ring.

Iwe ilivyokuwa, saa zile zilionekana. Mwaka 1884 kijana mfanyakazi alimwomba amsaidie kupata elimu. Mchungaji akamwambia aje jioni, naye akaja na wenzake, wakawa saba. Darasa lile la usiku, la watu waliotoka kazini na mikono yenye wino na mafuta, ndilo lililokuja kuwa Chuo Kikuu cha Temple, ambacho kingaliko. Na fedha za hotuba ile iliyowahimiza watu watajirike hazikumtajirisha mhubiri. Kila alipomaliza kusema alirudi chumbani mwake, akatoa gharama za safari, kisha akaandika hundi ya kiasi kilichobaki na kumpelekea kijana asiye na karo.