Nyumba Moja, Rangi Mbili

Ndugu msomaji, kama umepata kuishi nyumba moja na mtu anayeshangilia timu usiyoipenda, habari hii inakuhusu, ijapokuwa imetokea mbali, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Huko anaishi dada yangu, binti wa mama mdogo, pamoja na mumewe na watoto wao wawili: binti wa miaka sita, na mdogo wake ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka 2024 nilijumlisha likizo zangu za miaka miwili nikaenda kuwatembelea, nikakaa nao tangu mwisho wa Oktoba hata katikati ya Desemba.

Hayo ndiyo majira ya kupukutika majani. Miti hugeuka rangi, ikawa ya manjano, ya machungwa na mingine myekundu kabisa, kisha upepo huivua majani hata ikabaki mitupu. Mavuno yamekwisha kuingia, baridi haijawa kali, na kila mwisho wa juma wazazi hutafuta mahali pa kuwapeleka watoto kabla theluji haijawafungia ndani.

MATUFAHA NA MABOGA

Jumapili yangu ya kwanza tulikwenda katika shamba la matufaha. Mwenye shamba hukupa mfuko, ukaingia mwenyewe kuchuma, kisha ukalipa kwa uzito. Familia hupanda tela linalovutwa na trekta, wakakalia nyasi kavu, wakazungushwa hadi kwenye shamba la maboga. Hapo kila mtoto huchagua boga lake la kuchongwa sura ya kutisha kwa ajili ya mkesha wa tarehe 31 Oktoba. Tukirudi tulikunywa juisi ya matufaha iliyopashwa moto, pamoja na maandazi yaliyovingirishwa katika sukari na mdalasini.

Nilimsifu dada yangu kwa jambo moja. Matufaha yaliyopondeka hakuyatupa. Aliyamenya, akayakatakata, akayachemsha kwa maji kidogo, sukari na mdalasini hata yakawa rojo, akayatia katika chupa. Tuliyala na mkate kwa muda wa wiki mbili. Shemeji, ambaye ni mwenyeji wa Michigan, alikuwa akipenda kusema kwamba mke aliyemwoa ana ila moja tu.

Ila hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

MPAKA UNAOPITA SEBULENI

Dada yangu alisoma katika Chuo Kikuu cha Ohio State, kilichoko Columbus. Shemeji alisoma katika Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko Ann Arbor. Mji wa Toledo uko katikati: Ann Arbor ni kiasi cha kilomita 80 upande wa kaskazini, na Columbus ni kiasi cha kilomita 225 upande wa kusini. Vyuo hivi viwili ni mahasimu wakubwa wa mpira. Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu, bali ule wa Kimarekani wenye umbo la yai, ambao hubebwa na kurushwa kwa mikono, wachezaji 11 kila upande, wote wamevaa kofia ngumu na vikinga mabega.

La kumshangaza mgeni ni kwamba wanaocheza ni wanafunzi, na bado umati wanaouvuta ni wa ajabu. Uwanja wa Michigan, uliofunguliwa mwaka 1927, una nafasi za watu 107,601, na ule wa Ohio State, uliofunguliwa mwaka 1922, hupokea zaidi ya 100,000. Tarehe 2 Novemba Shemeji alitupeleka Ann Arbor, Michigan ilipocheza na Oregon. Tiketi ni ghali, kwa hiyo hatukuingia. Tulifanya wanavyofanya wengi: tuliegesha gari, tukafungua mlango wa nyuma, tukawasha jiko, tukachoma nyama na kusikiliza mchezo katika redio. Michigan ilifungwa pointi 38 kwa 17. Dada yangu alikula nyama yake kwa utulivu mkubwa, wala hakusema neno.

Uhasimu wa majimbo haya mawili ni wa zamani kuliko mpira. Mwaka 1835 yaligombania ukanda wa ardhi wenye mji huo huo wa Toledo, yakakusanya wanamgambo kila upande. Vita vyenyewe havikupiganwa. Aliyejeruhiwa alikuwa naibu sherifu mmoja wa upande wa Michigan, aliyechomwa kisu kidogo alipokwenda kumkamata mtu, naye akapona. Ohio ikapewa Toledo. Michigan ikafidiwa ardhi kubwa ya kaskazini, ambayo baadaye ilionekana kuwa na shaba na chuma tele, ikakubaliwa kuwa jimbo mwaka 1837. Timu zilikutana mara ya kwanza mwaka 1897, na tangu 1918 zimecheza kila mwaka, isipokuwa 2020 wakati wa maradhi ya korona.

HERUFI ILIYOKATWA

Juma la mchezo huo huangukia katika Sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Huko Columbus kuna desturi kwamba juma hilo kila herufi M katika vibao vya chuo hukatwa kwa utepe mwekundu wenye umbo la msalaba, kwa sababu M ni Michigan. Binti yetu aliliona jambo hilo katika televisheni, likamfurahisha. Alikuwa ameandika kadi ya sikukuu, akaibandika mlangoni mwa jokofu. Asubuhi ya Ijumaa tulikuta amekwisha kukata kila M kwa kalamu nyekundu, na miongoni mwa maneno yaliyokatwa lilikuwamo neno "Mama".

Shemeji alicheka sana. Dada yangu hakucheka. Alisema, "Umemfundisha kunicheka mbele ya mgeni." Shemeji naye akajibu kwamba desturi hiyo ni ya chuo cha mkewe, si cha kwake. Maneno yakazidi, yakatoka katika mpira yakaingia katika mambo ya wakwe na ya malezi. Mtoto alisimama kando na kalamu mkononi, asijue kosa lake ni lipi.

Kesho yake, tarehe 30 Novemba, Michigan ilishinda pointi 13 kwa 10, ugenini Columbus. Mchezo ulipokwisha, wachezaji wa Michigan walijaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji. Ngumi zikazuka, na polisi wakalazimika kunyunyiza dawa ya pilipili ili kuwatenganisha vijana hao. Baadaye vyuo vyote viwili vilitozwa faini, kila kimoja dola 100,000.

Binti akaniuliza, "Mjomba, kwa nini polisi wameingia? Si mchezo umekwisha?"

Hakuna aliyemjibu. Dada yangu alikwenda jikoni kuosha vyombo, na Shemeji alikunja bendera yake ndogo ya manjano na buluu akaitia mfukoni. Usiku ule walikula kila mtu kwa wakati wake.

SOMO LA WANAJESHI

Majuma mawili baadaye, tarehe 14 Desemba, tulitazama mchezo mwingine, ambao hakuna nyumbani humo aliyekuwa na upande wake: Chuo cha Jeshi la Nchi Kavu cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802, dhidi ya Chuo cha Jeshi la Maji cha Annapolis, kilichoanzishwa mwaka 1845. Walikutana kwanza mwaka 1890 huko West Point, na wanamaji wakashinda 24 kwa 0. Wanaocheza ni makuruta wa uafisa ambao wakihitimu watalitumikia taifa kwa muda usiopungua miaka mitano, na pengine watajikuta bega kwa bega katika vita kimoja.

Mwaka huo wanamaji walishinda 31 kwa 13. Mimi nilidhani yamekwisha. Lakini timu zote mbili zilikwenda pamoja mpaka mbele ya wanafunzi wa upande ulioshindwa, zikasimama kwa heshima wimbo wa chuo chao ukiimbwa. Ndipo zote mbili zikavuka uwanja, zikasimama mbele ya washindi, ukaimbwa wimbo wao. Ndiyo maana kila upande huomba kabla ya mchezo upate kuimba wa pili: anayeimba wa pili ndiye mshindi.

Sebule ilikuwa kimya. Kisha Shemeji akamwambia mkewe, "Mwezi uliopita mimi nilisimika bendera. Sikusimama nawe kuimba wimbo wako." Dada yangu akamjibu, "Nami niliyachanganya ya mpira na ya mama yako. Tusameheane."

Usiku huo waliweka sheria tatu za nyumba. Mshindi atampikia mshindwa chai ya asubuhi, na wimbo wa mshindwa utaimbwa kwanza. Jambo la mpira lisitoke nje ya mpira. Na watoto wasivikwe rangi ya upande wowote hadi wachague wenyewe.

Tarehe 29 Novemba 2025 Ohio State ilishinda 27 kwa 9, huko huko Ann Arbor. Siku ya pili dada yangu alinipigia simu. Alikuwa ameamka mapema kabla ya mumewe, akapika mayai, akatoa chupa ya mwisho ya matufaha, wakaimba wimbo wa Michigan wote wanne, mdogo akipiga sahani kwa kijiko. Kadi ya zamani bado iko mlangoni mwa jokofu, na M ya "Mama" imeandikwa upya kwa kalamu ya buluu.

Wazazi wenzangu, katika kambi zetu na katika nyumba zetu za askari, nasi tuna timu zetu, na redio moja hugombaniwa na watu wawili. Tushangilie, kwa maana kushangilia ni furaha. Lakini mtoto asiyejua bado kanuni za mchezo anatutazama sisi, hasa baada ya filimbi ya mwisho, na hayo anayoyaona ndiyo atakayoyachukua.