Bata Anayeruka: Tumkate Manyoya ya Bawa au Tumwache?

Ndugu msomaji, bata ni mfugo mzuri. Hutupa mayai na nyama. Hula konokono na wadudu. Haugui mdondo kwa urahisi kama kuku. Watoto nao humpenda. Katika nyumba nyingi yupo bata mmoja ambaye watoto wamempa jina, na hakuna anayethubutu kumchinja.

Lakini bata wengine huruka. Asubuhi yuko uani, mchana yuko juu ya bati, jioni yuko katika mchicha wa jirani. Ndipo watu huuliza: Je, tumkate mabawa? Wengine husema ni ukatili. Wengine husema ndiyo dawa pekee. Katika makala hii tutalitazama jambo hilo kwa upande wa afya: afya ya watu wa nyumbani, na afya ya bata mwenyewe.

BATA GANI ANARUKA?

Si bata wote wanaoruka. Bata weupe wazito wanaofugwa kwa nyama hawawezi kuruka. Miili yao ni mizito kuliko nguvu za mabawa yao. Bata wa namna hii usimkate chochote.

Bata anayeruka sana ni yule mwenye nyama nyekundu usoni na makucha makali. Huyu hapigi kelele nyingi. Jike hulalia mayai yake kwa siku 35 hivi, lakini bata wengine hulalia siku 28. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini. Huko porini hulala juu ya miti na hutaga katika mashimo ya miti. Ndiyo maana hata akiwa nyumbani hupenda kupanda juu ya paa. Dume ni mzito, haruki sana. Jike uzito wake ni kama nusu ya dume, naye huruka vizuri.

BATA AKIRUKA, KUNA HATARI GANI?

Hatari ya kwanza ni maji. Tuseme nyumba moja ina bati, gata na tangi la kukingia maji ya mvua. Bata hulala juu ya bati kila usiku na kunya huko. Mvua ikinyesha, kinyesi chote huoshwa na kuingia katika tangi. Watu wa nyumba hiyo wakinywa maji hayo bila kuyachemsha, wanakunywa kinyesi. Kinyesi cha bata huweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Vijidudu hivyo huleta homa, tumbo la kuuma na kuharisha. Mtoto mdogo akiharisha sana huishiwa maji mwilini, na huweza kufa.

Hatari ya pili ni mafua makali ya ndege. Bata akiruka mpaka ziwani au bwawani hukutana na bata wa porini. Januari 2017, nchini Uganda, ndege wa porini walikufa kwa wingi kando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe na huko Masaka. Bata na kuku wa kufugwa nao walikufa. Wataalamu walipopima waligundua mafua ya ndege. Aina nyingine ya mafua hayo iliua watu 6 huko Hong Kong mwaka 1997. Bata huweza kubeba ugonjwa huu bila kuonyesha dalili yoyote.

Hatari ya tatu ni ugomvi. Bata akila mboga za jirani, ujirani huharibika. Jirani mwenye hasira huweza kumtegea sumu, na sumu hiyo huweza kuokotwa na mtoto.

MANYOYA NI KAMA KUCHA

Watu wengi wakisikia "kukata mabawa" hudhani ni kukata nyama na mfupa. Sivyo. Kinachokatwa ni manyoya tu. Nyoya lililokomaa ni kama kucha zetu. Likikatwa halitoi damu wala haliumi. Bata akipukutisha manyoya ya zamani, mapya huota, naye huruka tena. Kwa kawaida hilo hutokea mara 1 kwa mwaka au zaidi.

Kukata ncha ya bawa pamoja na mfupa ni jambo jingine. Hilo humtia bata maumivu na kidonda, na hataruka tena maisha yake yote. Usifanye hivyo.

WAKATI WA KUTOKATA

Kuna nyakati ambazo haifai kukata:

1. Kama bata hana banda la kulala usiku. Bata asiyeruka hawezi kumkimbia mbwa, kicheche, nguchiro wala fungo. Ukimkata manyoya na kumwacha alale nje, umemtoa awe chakula cha wanyama hao.

2. Kama manyoya mapya yanaota. Tazama shina la nyoya karibu na ngozi. Likiwa la rangi nyeusi au ya buluu, lina damu ndani. Ukilikata, bata atatoka damu nyingi. Subiri mpaka shina liwe jeupe.

3. Kama bata analalia mayai, ana vifaranga wadogo, au ni mgonjwa.

Kwa hiyo banda ni la kwanza, mkasi ni wa pili. Mara nyingi bata akizoea kulishwa ndani ya banda kila jioni, hurudi mwenyewe na kuacha kulala juu ya paa. Jaribu njia hiyo kwanza. Huenda mkasi usihitajike.

JINSI YA KUKATA

Ukiona ni lazima kukata, fanya hivi:

1. Wawe watu 2. Mmoja ashike, mwingine akate. Mshikaji avae nguo ya mikono mirefu kwa sababu ya makucha.

2. Mshike bata mwili mzima, mabawa yakiwa yamebanwa. Usimning'inize kwa miguu wala kwa bawa. Miguu ya bata huumia upesi.

3. Kunjua bawa MOJA tu. Ukikata mabawa yote mawili sawasawa, bata mwepesi bado huweza kuruka. Ukikata moja, hupoteza usawa na kushindwa.

4. Tazama manyoya marefu 10 ya mwisho, upande wa ncha ya bawa. Juu yake kuna safu ya manyoya mafupi yanayoyafunika. Kata yale marefu kwa kufuata mwisho wa safu ile fupi. Usisogee karibu na nyama.

5. Tumia mkasi mkali. Mkasi butu hupasua shina la nyoya.

6. Damu ikitoka, weka unga mkavu kidogo na ukandamize kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa. Isipokoma, mwite mtaalamu wa mifugo.

7. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mkasi. Mkasi huo usitumike jikoni.

Baada ya hapo bata bado ataweza kurukaruka kidogo. Uzio wa kimo cha kifua cha mtu mzima humtosha.

Kama bata ni wa mtoto, mtoto asishtukizwe. Mwite, mwonyeshe kucha zake mwenyewe, umweleze kwamba bata haumii. Mtoto akielewa, atakusaidia kumfungia bata bandani kila jioni.

MKASI HAUMFIKII KUNGURU

Ndugu msomaji, usidhani ukimkata bata manyoya, maji yako yamekuwa salama. Kunguru na njiwa nao hutua juu ya bati, na mkasi wako hauwafikii. Kwa hiyo fanya yafuatayo hata kama huna bata:

- Funika kisima na tangi kwa mfuniko unaobana.
- Mvua inapoanza, yaache maji ya kwanza yamwagike, ndipo ukinge.
- Chemsha maji ya kunywa. Yakitokota kwa nguvu, yaache dakika 1 kabla ya kuepua. Walio kwenye milima mirefu sana wayaache dakika 3.
- Bata asilale jikoni wala chumba wanamolala watu.
- Watoto walio chini ya miaka 5 wasishike bata wala kumbusu. Wakubwa wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika.
- Pika yai la bata mpaka kiini kiwe kigumu.
- Ukiona bata, kuku au ndege wa porini wamekufa wengi kwa ghafla, usiwashike kwa mikono mitupu wala usiwale. Toa habari upesi kwa mtaalamu wa mifugo na kwa uongozi wa kijiji.

Basi, tumkate au tumwache? Mwenye bata mzito amwache. Mwenye bata asiye na banda ajenge banda kwanza. Mwenye bata mwepesi, banda analo, na bata bado analala juu ya bati au kwa jirani, na amkate manyoya ya bawa moja. Hiyo si dhambi wala si ukatili. Lakini mfuniko wa tangi ni wa kila nyumba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, bata hulala wapi usiku?
2. Kwa nini tunakata bawa moja badala ya mawili?
3. Kinyesi cha ndege kinaweza kufikaje katika maji yenu ya kunywa? Mtazuiaje?