Chunusi za Kiangazi: Kinga na Tiba Salama kwa Wanaosafiri Kila Siku

Kuanzia mwezi Juni hadi mvua za vuli zinapowadia, barabara zisizo na lami katika Kata ya Kalangalala na maeneo jirani hugubikwa na vumbi. Kila asubuhi wanafunzi hutembea kwenda shuleni, wafanyabiashara hupanda bodaboda kuelekea sokoni, na wachimbaji wadogo husafiri kwa pikipiki na magari kwenda machimboni, wakiwamo wale wa Nyarugusu na Rwamgasa. Kadiri jua linavyopanda ndivyo jasho na vumbi vinavyogandamana juu ya ngozi, na jioni wengi hurejea nyumbani wakiwa na vipele kwenye paji la uso, kidevuni, shingoni na mgongoni.

Chunusi haziui, lakini huweza kuacha makovu na madoa yanayodumu, na huwapunguzia vijana wengi ujasiri wa kusimama mbele za watu. Hatari kubwa zaidi hutokana na haraka ya kuziondoa. Mtu aliyekata tamaa hununua krimu isiyo na lebo, au hujipaka mkorogo, akidhani anatibu chunusi, kumbe anajiingiza katika ugonjwa mzito kuliko ule alionao. Makala haya yanaeleza chanzo cha chunusi, namna ya kujikinga nazo wakati wa safari za kila siku, tiba zinazofaa, na bidhaa zinazopaswa kuepukwa.

Chunusi hutokea vipi

Chini ya ngozi kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi na nywele. Mafuta hayo hutoka nje kupitia vitundu ambamo nywele huota. Mtoto anapobalehe, homoni za mwili huziamsha tezi hizo na mafuta huongezeka. Mafuta yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa, kitundu huziba. Bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi bila madhara huongezeka ndani ya kitundu kilichoziba, mwili hupambana nao, na matokeo yake ni uvimbe, wekundu au usaha.

Inakadiriwa kuwa takriban watu 85 kati ya 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Baadhi ya watu wazima nao huendelea kuzipata, hasa wanawake, kutokana na mabadiliko ya homoni. Kwa hiyo chunusi si dalili ya uchafu, wala si ushahidi wa tabia mbaya kama inavyodhaniwa mitaani. Kijana mwenye chunusi hastahili kudhihakiwa nyumbani wala shuleni.

Joto na safari vinachangia nini

Jasho peke yake halileti chunusi. Tatizo huanza jasho linapokaa muda mrefu juu ya ngozi iliyobanwa au kusuguliwa. Mkanda wa kofia ngumu chini ya kidevu, barakoa ya kujikinga na vumbi, mkoba unaobebwa mgongoni na kola ngumu ya sare ya kazi vyote husugua ngozi yenye unyevu na kufunga vitundu vyake. Ndiyo maana dereva wa bodaboda hupata vipele zaidi kwenye paji la uso na kidevuni, ilhali mwanafunzi anayebeba mkoba mzito huvipata mabegani na mgongoni.

Mafuta mazito ya nywele nayo huchangia. Jua linapowaka huyeyuka, hutiririka na jasho hadi kwenye paji la uso, na kuziba vitundu vilivyopo mpakani mwa nywele. Vumbi huganda kwa urahisi juu ya ngozi yenye mafuta ya namna hiyo, na mtu hujifuta mara kwa mara kwa kiganja au leso chafu, hivyo kuongeza msuguano.

Si kila kipele ni chunusi

Kabla ya kutafuta tiba, inafaa kutambua aina ya kipele. Harara, yaani vipele vya joto, huwa vidogo na vingi, huwasha au kuchomachoma, na hutokea kwa ghafla sehemu zenye jasho jingi. Hupungua mwili ukipoa na ukivaa nguo nyepesi. Vipele vya kunyoa hutokea kwenye kidevu, shingo na kisogo, pale nywele iliyokatwa inapojikunja na kuingia tena ndani ya ngozi. Mwenye tatizo hilo huambiwa apumzishe wembe au aache nywele fupi badala ya kunyoa hadi kwenye ngozi. Vipele vinavyowasha sana na vinavyofanana kwa ukubwa, hasa kifuani na mgongoni, vinaweza kuwa vya fangasi, navyo havitibiki kwa dawa za chunusi. Chunusi za kawaida hutambulika kwa kuwa na vichwa vyeusi au vyeupe pamoja na vipele vyenye usaha katika eneo moja.

Kinga katika safari za kila siku

Kinga inawezekana hata katika kaya ambayo maji ni ya kupimia kwa ndoo. Uso huhitaji kuoshwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa sabuni isiyo kali, na mara moja zaidi baada ya kutoka jasho jingi. Jagi moja la maji safi latosha. Uso usisuguliwe kwa dodoki, mchanga wala sabuni ya kufulia, kwa kuwa ngozi iliyochubuka huvimba zaidi na huacha madoa. Anayefika kazini au shuleni akiwa ameloa jasho anaweza kujipangusa taratibu kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji, bila kusugua.

Nguo za pamba zisizobana huruhusu ngozi kupumua. Shati lililoloa jasho libadilishwe mapema, na foronya pamoja na taulo ya uso vifuliwe angalau mara moja kwa wiki. Mafuta ya nywele yapakwe kwa kiasi, mbali na paji la uso. Kwa ngozi ya uso, losheni nyepesi au jeli inafaa kuliko mafuta mazito.

Kukamua chunusi kwa kucha husukuma usaha ndani zaidi ya ngozi na kuongeza makovu. Kwenye ngozi nyeusi, kila kipele kilichochokonolewa huweza kuacha doa jeusi linalochukua miezi kadhaa kufifia, na jua kali huchelewesha kufifia kwake. Kwa hiyo kofia pana au mwavuli ni sehemu ya kinga.

Watu wenye ualbino wasiache kamwe mafuta ya kukinga jua kwa hofu ya chunusi, kwa kuwa jua huwaweka katika hatari ya saratani ya ngozi. Mafuta yanayotumika yakionekana kuziba ngozi, mtoa huduma wa afya aulizwe kuhusu aina nyingine, na wakati huo yaliyopo yaendelee kutumika.

Kofia ngumu isiachwe

Baadhi ya abiria hukataa kofia ngumu ya bodaboda kwa madai kwamba inaleta vipele. Uamuzi huo ni wa hatari. Mapitio ya tafiti mbalimbali duniani yameonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna chunusi inayoweza kulinganishwa na jeraha la ubongo.

Ufumbuzi ni usafi wa kofia. Abiria anaweza kubeba kitambaa chepesi cha pamba cha kufunga kichwani kabla ya kuivaa, kisha akakifua kila siku. Dereva afute sehemu ya ndani na mkanda wa kidevu kwa kitambaa chenye maji na sabuni kila jioni, aanike kofia mahali penye hewa, na aibadilishe inapopasuka. Kofia safi humlinda abiria, na humletea dereva wateja.

Tiba zinazofaa

Chunusi chache zisizo na uvimbe mkubwa huweza kutibiwa kwa dawa za kupaka. Inayotumika sana ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria na kupunguza uvimbe. Ni vyema kuanza na nguvu ndogo ya asilimia 2.5 au 5, kwa kupaka kiasi kidogo usiku mmoja na kuruka unaofuata hadi ngozi izoee. Dawa hii huchujua rangi ya nguo na mashuka. Adapaleni, ambayo huzuia vitundu kuziba, hupakwa usiku. Haitumiwi na mjamzito. Asidi ya azelaiki husaidia chunusi na pia madoa yanayobaki.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni muda. Dawa ya chunusi huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya matokeo kuonekana vizuri. Anayebadilisha dawa kila baada ya siku chache huumiza ngozi bila kupata nafuu. Dawa pia hupakwa eneo zima linalotoa chunusi, hata pale ambapo bado hakuna kipele.

Chunusi nyingi zenye usaha huweza kuhitaji vidonge vya antibayotiki kama doksisaiklini, kwa maelekezo ya daktari na kwa muda maalumu. Dawa hiyo hairuhusiwi kwa mjamzito, na huifanya ngozi iungue kwa urahisi juani, jambo la kuzingatiwa na anayefanya kazi nje mchana kutwa. Kumeza antibayotiki kiholela hujenga usugu wa vimelea. Isotretinoini, inayotumika kwa chunusi sugu, husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo hutolewa na daktari bingwa pekee.

Dawa ya meno, limao, magadi na maji ya kuondolea madoa ya nguo si tiba ya chunusi. Huunguza ngozi na kuacha madoa.

Mkorogo, steroidi na zebaki

Krimu zenye steroidi kali, kama vile “clobetasol” na “betamethasone”, hupunguza wekundu kwa siku chache, na hapo mtumiaji huamini kuwa amepona. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, na chunusi mpya hulipuka kwa sababu ya dawa hiyohiyo. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla bila ushauri, kwa kuwa ngozi huweza kuvimba upya kwa ukali.

Zebaki ni hatari zaidi. Wakazi wa Geita wanaifahamu kutokana na uchimbaji mdogo, ambako hutumika kunasa dhahabu na kisha huchomwa. Wasiolifahamu wengi ni kwamba madini hayohayo huwekwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Huweza pia kubaki kwenye taulo na mashuka na kuwafikia watoto ambao hawajapaka chochote.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa nchini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 16, 2017, unazuia zebaki katika vipodozi. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nchini, udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019, na dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Kabla ya kununua, mkazi asome lebo. Maneno “mercury”, “calomel” na “hydroquinone” ni sababu ya kurudisha bidhaa rafuni. Krimu isiyo na lebo, isiyo na jina la mtengenezaji, au iliyochanganywa dukani na kuwekwa kwenye kopo jingine isinunuliwe hata ikiwa bei yake ni nafuu.

Wakati wa kumwona mtoa huduma

Mkazi afike katika zahanati au kituo cha afya endapo chunusi zina uvimbe mkubwa wenye maumivu, zinaacha makovu, hazijapungua baada ya wiki 12 za tiba, zimeanza ghafla ukubwani, au zinamletea huzuni na kujitenga na wenzake. Aende bila kuchelewa ikiwa ana homa, uvimbe wa jicho, au usaha unaosambaa.

Mgonjwa abebe krimu, sabuni na vidonge vyote alivyotumia, pamoja na vile asivyovijua majina, na aeleze bila aibu iwapo amewahi kutumia mkorogo. Mjamzito au anayenyonyesha aseme hivyo mapema. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali, na kwa ubingwa zaidi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza.

Wazazi wanaombwa kuanza mazungumzo haya nyumbani kabla kijana hajapelekwa na rafiki kwenye kopo lisilo na lebo. Chunusi nyingi huisha kwa subira na dawa sahihi, lakini figo iliyoharibiwa na zebaki si rahisi kurejea katika hali yake ya awali.